Hesabu ya Mwaisha

Mlali, Jumapili

Dada Mwanvita, shikamoo. Za huko Kisaki? Huku maharage yamechanua, mvua haikatiki, mama anakusalimu sana.

Sasa dada, masomo ya mwanao Mwaisha! Shule ilimshinda, basi nikampangia mwenyewe hapa nyumbani: hesabu za darasa la sita, kusoma kwa la kwanza. Vitabu vyote nikavijalidi kwa karatasi za kaki, asione ni vya darasa gani akaona aibu. Hesabu anameza tu! Kusoma sasa, mwaka mzima tuko nusu ya kitabu. Nimejaribu nyimbo, herufi za mchangani, video za YouTube, wapi!

Jana akaniambia, "Mjomba, kitabu kimoja miaka miwili. Viko saba, nusu ya cha kwanza nimemaliza. Nina kumi na moja. Cha la saba nitakimaliza nina ishirini na nne."

"Nani kakwambia hiki cha la kwanza?"

"Kina bata kila ukurasa, mjomba. Mimi si mjinga."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasema kile cha kusoma niwape watoto wa jirani. Nikachukua kalamu, nikairudia ile hesabu nikitafuta alipokosea.

Hajakosea popote, dada.

Mdogo wako,
Luqmani