Bomba la bunduki ya shemeji

Loretta shoga, uko wapi? Mbavu zinaniuma kwa kucheka!

Leo tulikuwa kwa baba mkwe tunalenga makopo, kila mtu na bunduki yake ya wenzo, zile za risasi ndogo, unavuta mkono wa chini ndiyo risasi iingie. Shemeji Dwayne kaja na mpya, wenzo laini kama siagi. Yangu ya marehemu babu inalia kama mlango wa zizi. Kaichukua, kauvuta wenzo wake mbele ya watu: "Jodie, huu si ni mwiko wa uji!"

MWIKO WA UJI. Bunduki ya babu!

Nikaichukua bunduki yangu.

Akachomoa lile bomba la risasi linalokaa chini ya mtutu, akajaza risasi zake, akalirudisha, akasahau kulizungusha lijifunge. Nimeona kwa macho yangu. Ningemwambia? Thubutu! Nikanywa soda yangu.

"Tazameni chuma!" Akainamisha mtutu. Bomba likachomoka, risasi zote zikamwagika kwenye kinyesi cha ng'ombe. KINYESI, shoga!

Dwayne chini, anaokota. Mimi nikaangusha makopo yake yote kwa bunduki ya babu, kisha nikageuka taratibu:

"Shemeji, nikuazime mwiko?"