Doli la Kulilia

Jumatatu, 6 Agosti 1984
Maji nimeteka mara mbili, uji nimepika, usingizi sina siku ya tatu sasa. Mwanangu Mwende anaota meno. Wazungu wa sinema wako hapa kijijini kwetu, Salama, leo wametuchagua sisi wanawake wa kuigiza. Nilivaa rinda la kanisani. Wakalikataa, wakanipa ngozi ya mbuzi. Hata nyanya yangu alizikwa na leso yake. Sinema ni ya daktari mzungu na mkewe. Mimi ni mama mwenye njaa. Wamenipenda kwa kukonda. Ni mtoto amenikondesha, si njaa.

Jumanne, 7 Agosti
Mazoezi. Nimeuliza nitasema nini. Mkalimani wao, Muli, Mkamba kama mimi, akacheka. "Mwaitu, mama yangu, wewe husemi. Wewe unalia tu." Mtoto anayekufa ni Mwende wangu. Atalazwa chini, afunikwe shuka, kisha mke wa daktari aongee. Kwetu aliye hai haombolezwi. Ni kumwitia kifo. Mume wangu asema ni mchezo tu, nisikatae, mahindi yamekauka. Nimemwambia akalale yeye chini ya hiyo shuka.

Jumatano, 8 Agosti
Nimekataa. Mbele ya wote.

Alhamisi, 9 Agosti
Wameleta doli. La kizungu, nywele za njano, wamelipaka makaa. Hilo nitalililia, nikasema. Mwende nikampa jirani yangu Kalekye ashike. Nikalia kwa Kikamba: uui, plastiki yangu, nani alikupaka masizi, mwana wa Ulaya? Wanawake nyuma yangu wakaangua kicheko. Kamera ikasimama. Tukarudia. Kalekye naye: "Mlilie vizuri, baba yake anakutazama!" Mzungu mkubwa wa sinema kweli alikuwa anatazama. Muli akajifanya haelewi.

Mara ya nne hakuna aliyecheka. Nilisema sisi tuna nguo. Tuna majina. Nilisema mama hakai tu kulia, angeuliza dawa iko wapi, angebeba mtoto akimbie. Machozi yakaja yenyewe. Mzungu akapiga makofi.

Jumapili, 12 Agosti
Wazungu wameondoka. Baada ya ibada Muli, kabla ya kuwafuata, alinivuta kando. Sauti yangu itaondolewa kwenye sinema. Wataweka ngoma, na mke wa daktari ataongea ngoma ikilia. Alisema polepole, kama mtu aliyeleta habari za msiba. Sikumkasirikia.

Mchana nimekaa nyuma ya nyumba, nikamwambia Mwende yale maneno yote niliyosema mbele ya kamera, kwa sauti ya kawaida. Alinitazama mpaka mwisho. Kisha akataka kunyonya.