Mheshimiwa wa Kiti cha Mbele

Jumanne, shajara ya Najma

Na bado sijui kama kesho nitapewa barua ya onyo. Ikija itakuwa ya pili, na ya tatu ni kufukuzwa na safari ya kurudi kwetu Tanga.

Chanzo ni mzee wa Kifaransa niliyempokea leo uwanja wa ndege. Nimemfungulia mlango wa nyuma wa gari, kama hoteli inavyotaka sisi madereva. Yeye akazunguka, akakaa mbele na kufunga mkanda.

Nilijua ni waziri wa zamani, basi nikawa namwita Mheshimiwa. Kwetu cheo hicho mtu anazikwa nacho. Akanikataza. "Mimi msoshalisti, kwetu watu wote ni sawa," akasema.

Akanisimulia. Alianza na udiwani, akawa meya wa mji wake mdogo, akaingia bungeni, halafu uwaziri. Kisha uchaguzi mmoja ukamnyang'anya vyote. Siku hizi anaalikwa kuhutubia mikutano.

"Ulikosea wapi?" Mdomo wangu huu.

Akakigeukia kiti cha nyuma. "Nilipopata uwaziri nilianza kukaa nyuma."

Tumefika hotelini, na Wafula, msimamizi wetu Mkenya, yuko mlangoni anatutazama. Akanivuta pembeni. "Mbona mgeni amekaa mbele?"

"Anatafuta kura."

Hakucheka. Amesema kesho atamfungulia mlango yeye mwenyewe, wa nyuma, aone kama tatizo ni mgeni au ni mimi.

Nimeswali Isha nimekaza nia. Kwa mara ya kwanza maishani nimemwombea mwanasiasa asibadilike.