Kwa Nini Mama Hamezi Vidonge

Ilemela, Mwanza
14 Agosti 1994

Kwako kaka Rwegasira,

Shikamoo. Wifi na watoto wanaendeleaje na joto la Dar? Sisi huku tunapumua, ila nikikwambia sote wazima nitakuwa nakudanganya. Nakaa nasimama.

Tangu nimlete Mama kutoka kijijini kwetu Kamachumu, presha yake haishuki. Daktari wetu alimwandikia vidonge, nami nikawa namwachia mezani kila niendapo zamu. Presha ikazidi kupanda. Kumbe majirani walishampeleka Buhongwa kwa Mama Kashindye, kwenye vituo hivi vya tiba asilia vinavyoota siku hizi kama uyoga. Bango lake linasema anatibu mtu, hatibu ugonjwa. Hebu niambie! Mama akawa anarudi amekandwa miguu kwa mafuta, chupa ya mitishamba kwapani, anamsifu yule mama utadhani wamezaliwa tumbo moja.

Nilipogundua vidonge vinatupwa chooni, kaka, nilipandwa na hasira. Nikamshika Mama mkono mpaka Buhongwa, na sare yangu ya unesi. Nilimwita Mama Kashindye muuaji mbele ya wagonjwa wake. Naye si mtu wa kunyamaza! Alinijia juu, akasema hajawahi kumkataza mtu dawa za hospitali, na kwamba kila siku anamsihi Mama azimeze. Halafu akamgeukia Mama, akamtaka anieleze mwenyewe yale aliyomwambia alipokuwa akimkanda.

Mama akazungumza Kihaya ili wengine wasielewe. Alisema amepata habari kwamba umeshapata mnunuzi wa kibanja, shamba letu la ukoo, ili ununue lori la kubebea sangara. Baba amezikwa kwenye migomba ile. Mama amekusihi, ukoo umekusihi, nawe ukawajibu kwamba siku hizi ni za biashara. Basi ameona limebaki jambo moja tu. Kaburi moja umeweza kuliuza. Yakiwa mawili, na la pili bado bichi, anaamini hutathubutu. Kwa Mama Kashindye anakwenda apate usingizi tu, si kupona.

Jamani, kaka! Nimelia, nimempigia magoti, nimemtishia kumwita padri. Asubuhi hii amekataa tena, na miguu imevimba. Mimi dawa ya jambo hili sina, na Mama Kashindye amekiri hana. Unayo wewe. Nampa barua hii jirani anayepanda treni leo. Ukiipata usijibu kwa barua, njoo.

Wasalimie wifi na watoto. Mama naye anakusalimu. Anasema anakupenda, na siku ukija kumzika usimlaumu mtu.

Mimi mdogo wako,
Odeta