Tochi ya Mama

Gereji, nyuma ya soko,
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko na baridi yako? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila grisi ya mikononi ndiyo imegoma kutoka. Mama si mzima. Ukipiga simu hunikazia macho nisikuambie, ndiyo maana nimempa jirani anayesafiri kesho akuletee barua hii.

Gari ulilotuma limezimika. Ulitaka mama aende kwenye mashine ya kusafisha damu akiwa amekalia kiti laini, nami nikakuitikia, nikampa muuza vyuma chakavu gari la marehemu baba. Kosa hilo ni langu.

Siku nane zilizopita, tukiwa njiani kwenda hospitali, kioo cha dashibodi kiliandika maneno mekundu, gari likagoma. Mama akashuka na tochi yake mchana kweupe, kama alivyozoea kumshikia baba. "Fungua boneti nikumulikie." Nikafungua, nikakuta plastiki tupu. "Mama, hapa hapana pa kumulika." Miaka ishirini ya ufundi, nimesimama tu! La baba ningekaza waya tukaondoka. Hili lilingoja mtu wa kompyuta, akaja siku ya tatu, akasema ni sensa, kidude kama kifungo cha shati, na lazima kiagizwe.

Siku ile tulifika hospitali kwa gari la kukodi, zamu yake ya mashine imeshapita. Tangu hapo amekataa kurudi. Nimemwitia teksi, nimemleta muuguzi, wapi! "Gari likipona, nitakwenda." Miguu imevimba, viatu haviingii.

Basi nikarudi kwa muuza vyuma. Gari la baba lilikuwapo, limeng'olewa milango ya nyuma tu. Nikalikomboa, nikalikaza nyaya, jana likawaka. Nikamwambia mama limepona, twende. Akakaa mbele, akasikiliza injini, akatabasamu. "Haya, nipeleke kwa baba yako kwanza."

Makaburini hakulia. Alinionyesha kwa tochi nafasi ya kushoto kwa baba, akasema inamtosha. Kisha akanikabidhi tochi.

Leo asubuhi amekataa tena hospitali. Naogopa, mdogo wangu. Usitume gari jingine, wala kile kidude. Njoo wewe. Nitakupokea kwa hili hili bovu la baba.

Shangazi na fundi wa rangi wanakusalimu. Wabusu watoto. Mungu akulinde safarini, na atuwekee mama mpaka ufike.

Ni mimi dada yako akupendaye.