Kitendawili cha Orville

Arlene, nimejifungia jikoni nalia.

Leo vijana wamecheza mezani ule mchezo wa kuigiza hadithi alioutunga marehemu Orville wangu. Binti yetu Corinne ameuhamishia kwenye kanuni mpya.

Wahusika wao wakafika langoni. Lango lake, Arlene! Pale bibi kizee anapotega kitendawili, na mchezaji lazima ajibu kwa kinywa chake.

Corinne akamwambia mumewe, "Dale, rusha tu ile dadu ya pande ishirini."

Akarusha. "Kumi na nane! Limefunguka, mzee mzima mimi!" Wakacheka, wakagawana jibini.

Nikauliza, "Na kitendawili?"

"Mama, kanuni mpya hazikihitaji."

Hazikihitaji!

Basi nakutegea wewe, shoga yangu: mwenyewe akiwepo hakionekani, akiondoka kinajaza chumba kizima.

Ni kiti chake. Na Dale alikuwa amekikalia.