Binti wa Nani

Winnipeg, 28 Septemba 1958

Baba yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa mguu. Mimi mzima wa mwili tu. Uliniomba niende sinagogi Siku ya Upatanisho nikamwombee mama, kwa kuwa tangu tumzike sijaingia humo. Nimekwenda, na afadhali nisingekwenda.

Ilipofika sala ya kuwakumbuka marehemu, wenye wazazi wote wawili hai walitoka nje kama kawaida, na mimi nikainuka nao. Mazoea tu, Baba. Nilikuwa kwenye ngazi nabishana na vijana habari za mpira wa magongo, mama Perlman, shoga wa marehemu, akachungulia. "Anshel," akasema, "kumbe mama yako amefufuka?" Akafunga mlango.

Wewe ndiye mwalimu wa lugha ya sala. Ulinikaririsha maneno yake yote: anayeomba, anayeombewa, wanaoombeana, maombi. Yote ninayo kichwani, na mama yangu nimemwacha bila wa kumwombea. Sina uso wa kurudi pale.

Mwanao, Anshel

Montreal, 12 Oktoba 1958

Mwanangu,

Mguu bado korofi, ila supu ya dada yako inanisimamisha. Barua yako niliificha asiione. Nimeona aibu, sikufichi. Mwanafunzi wangu wa kwanza!

Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukikaa upande wa wanawake, ulipokuwa mdogo. Sala hiyo ikikaribia, mama yako anakusukuma mgongoni: "Toka upesi, usije ukaniitia kifo." Labda bado unamtii. Sasa nitii mimi. Mwisho wa Pasaka sala hiyo inarudi. Ingia, ushikilie kiti.

Baba yako

Winnipeg, 3 Mei 1959

Baba yangu,

Natumaini mguu una nafuu. Mimi sijambo, ila aibu imezidi.

Nilibaki ndani. Vijana walipotoka nilishikilia kiti kama ulivyosema. Lakini sala inataka jina la marehemu na la baba yake. Nikasema, "Freidel, binti wa," nikakwama. Wenzangu wote walikuwa wakitaja majina. Amenilisha, amenivisha, na sikuwahi kumuuliza yeye ni mtoto wa nani. Nilikaa chini sala haijaisha.

Niandikie jina hilo, tafadhali.

Mwanao, Anshel

Montreal, 10 Mei 1959

Mwanangu,

Zalman. Mama yako ni Freidel binti wa Zalman, fundi viatu.

Mguu haukupona, na daktari ameacha kunitania. Kwa hiyo andika na jina hili, ingawa hujaniuliza: mimi ni mwana wa Yekutiel.

Baba yako